Karata za Mama Msasa

Kila aliyepita mbele ya karakana saa za asubuhi alimwona Mama Msasa akicheza karata. Wala hakujificha. Alikaa nyuma ya dirisha kubwa, miwani puani, mkono wa kulia juu ya kipanya cha kompyuta, na nyuma yake mashine ya kuchonga mbao ikinguruma na kutema vumbi. Kwenye kioo cha kompyuta kopa ziliwekwa juu ya shupaza, shupaza juu ya uru, na mchezo ukiisha anaanza mwingine bila hata kupumua. Wapita njia walitikisa vichwa. Muuza matunda wa ng'ambo ya barabara alisema hadharani kwamba kama kazi ndiyo hiyo, basi na yeye aajiriwe.

Kabla hatujamhukumu mtu, tuseme ukweli. Karata zile zilikuwa kazi. Tena zilikuwa sehemu ngumu kuliko zote, maana Mama Msasa hakupenda karata hata kidogo.

Jina la Msasa alilipata kwa jasho. Kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipoolewa, kazi yake katika karakana ile ilikuwa kusugua mbao. Mumewe alipima na kukata, kaka wa mumewe alichonga, yeye akasugua kwa msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama kijiko. Jambo lisilosemwa ni kwamba michoro yote ilikuwa yake. Ua lililochanua kwenye kitanda, mzabibu uliotambaa mlangoni, ndege wawili kwenye kabati, vyote alivichora kwa penseli jikoni huku akisubiri maharage yaive. Shemeji yake alivihamishia kwenye mbao kwa patasi, na wateja wakamsifu shemeji. Sifa zikamkolea mpaka akaitwa Shemeji Patasi hata na watu wasio na undugu naye. Mama Msasa alipitisha msasa juu ya maua yake mwenyewe, na mara kwa mara akaambiwa awe mwangalifu asiyaharibu.

Mumewe alipofariki, nusu ya karakana ikabaki kwake, nusu kwa shemeji. Hakungoja sana. Alisikia kuna karakana inafungwa upande wa pili wa mji, akaenda, akarudi na mashine juu ya gari la mizigo: meza ya chuma, mota tatu, kisu kinachozunguka, na kompyuta kuukuu ya kuiongoza. Alijifunza kuingiza mchoro kwenye kompyuta. Siku mashine ilipochonga ua lake la kwanza, kila petali pale pale penseli ilipopita, bila mkono wa mtu mwingine kati yake na ubao, alilia. Akasingizia vumbi.

Shemeji Patasi alisimama mlangoni, akatazama, akasema, "Hicho kidude hakina roho."

"Hakina mdomo pia," akajibu Mama Msasa. "Hicho ndicho ninachokipendea."

Hapo shemeji mwenyewe alikuwa hajashika patasi karibu mwaka mzima. Alisema ni mgongo. Alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti chake kando ya rafu ya mbao, mikono ameibana chini ya mapaja, akatoa maoni.

Mambo yalikwenda vizuri hadi kompyuta ile kuukuu ilipokata roho. Mama Msasa akapata nyingine ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi fulani, changa zaidi, yenye kasi zaidi, na ndipo balaa likaanza. Mashine ilianza kuchonga vizuri tu. Saa moja, saa mbili, ua linatoka safi. Halafu bila taarifa kisu kikaruka upana wa kidole kushoto na kuendelea na kazi kwa uso mkavu, nusu ya ua huku, nusu kule. Ubao wa kitanda ukaharibika. Wa pili nao ukafuata. Mama Msasa alikaza skrubu, akapaka reli grisi, akapuliza vumbi, akaitukana mashine kwa sauti ya chini, akaiomba msamaha. Wapi.

Ubao wa tatu ulimkuta amekata tamaa. Aliwasha mashine, akakaa mbele ya kompyuta, na kwa kuwa hakuwa na moyo wa kutazama, akafungua mchezo wa karata uliokuja na kompyuta. Akacheza kwa huzuni saa nne mfululizo. Alipogeuka, ua lilikuwa limenyooka.

Aliona ni bahati. Safari iliyofuata hakucheza, ua likaruka. Iliyofuata alicheza, likanyooka. Akaanza kuandika nyuma ya daftari la michoro: karata, sawa, bila karata, upogo. Baada ya majaribio saba hakuwa na shaka tena. Sababu hakuijua, na kwa mwezi mzima hakuitafuta, kwa kuwa vitanda vilikuwa vinaisha na wateja wanavichukua. Alijifunza kula chakula cha mchana kwa mkono wa kushoto. Alijifunza kubana mkojo kama abiria wa safari ndefu. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani? Mtu mzima, mjane mwenye wajukuu, aseme mashine yake haifanyi kazi mpaka acheze karata? Mvivu yeyote angetamani udhuru kama huo.

Ndipo akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Alitaka mlango wa maktaba mpya, mlango wa mabawa mawili. Mama Msasa akamchorea mzabibu unaoota kwenye bawa la kushoto, unapanda, unavuka katikati na kuendelea kwenye bawa la kulia, kiasi kwamba mlango ukifungwa, tawi linakutana na tawi. Mchoro ule alikuwa nao kichwani miaka kumi. Na mbao alikuwa nazo: mkangazi mwekundu aliopasua mumewe mwenyewe na kuupanga ukauke, miaka sita sasa. Zilibaki mbao za kutosha mabawa mawili. Hapakuwa na ubao wa akiba.

Mwalimu mkuu akapitia siku moja kuona sampuli ya tawi moja. Akamkuta mchoraji wake akipindua karata.

Alikwenda moja kwa moja kwa Shemeji Patasi, akaongea naye kando kwa sauti ambayo walimu huiona ni ya chini. Mama Msasa alisikia kila neno, likiwemo "watoto wetu tunawakataza."

Mwalimu alipoondoka, Shemeji Patasi akaja akasimama mbele ya meza ya kompyuta.

"Shemeji, nimevumilia," akasema. "Marehemu asingekubali jambo hili. Mteja analeta kazi ya heshima, anakuta fundi anacheza kamari."

"Si kamari. Nacheza peke yangu."

"Ndiyo mbaya zaidi." Akavuta pumzi. "Nisikilize. Jumamosi unachonga bawa la kwanza. Mwalimu atakuwepo, nami nitakuwepo. Karata hazitafunguliwa. Utakaa pale kwenye benchi, mikono mapajani, kila mtu akuone. Mzabibu ukitoka sawa, sitafungua mdomo wangu tena juu ya mashine hii. Ukipinda, mashine inaondoka, na tunarudi kwenye patasi na msasa kama zamani."

"Na patasi atashika nani?"

Shemeji akaingiza mikono mfukoni. "Tutaajiri mtu," akasema. "Mimi nitamwelekeza."

Mama Msasa alifungua mdomo amweleze habari za karata, akaufunga. Aliwaona kabisa akilini: shemeji, mwalimu, muuza matunda, wote wakiangua kicheko. Akasema, "Sawa." Halafu akaenda kujifungia stoo na kuukalia mkangazi wa mumewe. Kurudi kwenye msasa hakukumtisha kwa sababu ya vidole. Kulimtisha kwa sababu alikuwa ameshaonja kuchonga maua yake mwenyewe.

Siku ya Alhamisi alivuka barabara hadi dukani kwa dada wa fotokopi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka lenye mashine tatu za kuchapisha na ambaye alizifungua na kuzifunga mwenyewe bila kuita mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali, na ukicheka nitaondoka."

"Sicheki."

"Kwa nini nikicheza karata kwenye kompyuta ua linanyooka, nikiacha linapinda?"

Dada wa fotokopi akacheka, lakini kwa sekunde mbili tu. Kisha akaacha, akaweka chini karatasi alizoshika na kuuliza hiyo kompyuta ni ya lini, imetoka wapi, na ile ya kwanza ilikuwa ya lini. Alipojibiwa, akagonga meza kwa kidole.

"Mama, kompyuta yako inasinzia."

"Haisinzii. Nipo mbele yake, kioo kinawaka."

"Kioo kinawaka, ndani inasinzia. Prosesa za hizi za ofisini, yaani ubongo wake, zimetengenezwa ziokoe umeme. Ikiona haina kazi nzito inapunguza kasi. Ikipewa kitu inashtuka, inaongeza kasi tena. Mtu anayeandika barua hana habari, haoni kitu. Lakini mota zako zinasogea kwa kuhesabiwa. Ni kama mtu anayecheza ngoma kwa kufuata makofi. Mpiga makofi akisinzia kidogo tu akachelewa kofi moja, mguu unakanyaga pengine."

"Lakini inachonga mlango. Hiyo si kazi nzito?"

"Wewe unaona mlango. Yenyewe inaona moja, mbili, tatu. Inaona uvivu. Ukichezesha kipanya na kupindua karata, unaiweka macho. Ile yako ya kwanza ilikuwa kuukuu, haikujua kusinzia."

Mama Msasa akakaa kwenye kiti cha wateja. "Nimelea watoto watatu nikiwabembeleza walale," akasema. "Uzeeni naletewa mmoja wa kumsumbua asilale."

"Tunaweza kumzuia kabisa. Nitakuja kesho baada ya kufunga. Ila kuna gharama yake: itakula umeme zaidi kidogo, itapata joto, na feni itapiga kelele."

"Kelele? Mwanangu, umewahi kusikia msumeno wetu?"

Kesho yake jioni shemeji alikuwa ameshaondoka. Dada wa fotokopi akaizima kompyuta, akaiwasha huku akibonyeza kitufe kimoja mfululizo mithili ya mtu anayegonga mlango wa mdaiwa, na badala ya picha ya kawaida ukatokea ukurasa wa bluu wenye maandishi meupe. Akateremka mstari kwa mstari. Palikuwa na mstari unaoruhusu prosesa kupunguza kasi inapokosa kazi. Akauzima. Palikuwa na mwingine wa usingizi mwepesi, na mwingine wa usingizi mzito. Akaizima yote miwili. Akahifadhi. Kompyuta ikaamka, feni ikavuma, na ikaendelea kuvuma. Wakachonga kipande cha ubao hafifu kwa saa moja bila kugusa chochote. Kikatoka sawa.

"Saa moja si kitu," Mama Msasa akasema. "Hii huruka saa ya tatu."

"Basi kesho utajua pamoja na wengine," akajibu dada wa fotokopi, akachukua mkoba wake.

Jumamosi watu walikuwa watatu: mwalimu mkuu katika suti, shemeji kwenye kiti chake, na Mama Msasa kwenye benchi, mikono mapajani kama mtoto anayesubiri kuchanjwa. Saa ya kwanza ilipita. Mwalimu alisoma gazeti. Saa ya pili ilipita. Vidole vya Mama Msasa vilianza kuwasha. Alikuwa akipindua karata hewani bila kujijua, na shemeji alipomtazama akajifanya anakung'uta vumbi kwenye gauni.

Saa ya tatu roho ilikuwa mkononi. Hakutaka kutazama kisu, basi akatazama kila kitu kingine, na ndivyo alivyojikuta akimtazama shemeji. Shemeji alikuwa ameletewa chai. Aliinama, akashika kikombe kwa mikono miwili, na kikombe kikagonga kisahani, kikagonga tena, chai ikamwagika kwenye suruali. Akakirudisha upesi. Akaibana mikono chini ya mapaja.

Si mgongo, Mama Msasa akajiambia. Haikuwa mgongo hata siku moja. Na kwa muda fulani, kisu kikiendelea kutambaa juu ya mkangazi wa mumewe, alisahau kabisa kuogopa.

Saa ya tano mashine ikanyamaza. Mwalimu akakunja gazeti. Wakasogea wote. Mzabibu ulikuwa umeota kutoka chini, ukapanda, ukajipinda mara tatu na kuishia ukingoni kabisa mwa bawa, tawi limenyoosha shingo kulisubiri lenzake. Mwalimu alipitisha kidole na kusema hajawahi kuona. Safari hii sifa zikatua pale zilipopaswa kutua, na Mama Msasa akazipokea zote, hakumbakizia mtu.

Mwalimu alipokwenda zake, shemeji alibaki amesimama juu ya ubao ule.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Sitasema tena." Akatazama rafu ambapo patasi zake zilikuwa zimelala kwenye kitambaa chao. "Hizo umpe anayezihitaji. Kuanzia wiki ijayo nitapumzika nyumbani."

Mama Msasa alikuwa ameshinda, lakini ushindi ule haukumpendeza. Mtu huyu alimnyang'anya sifa miaka ishirini na miwili. Mtu huyu pia ndiye aliyeyaelewa maua yake kuliko yeyote, maana alipita juu ya kila mstari kwa ncha ya chuma na hakuwahi kukosea hata mmoja. Akamwacha afike mlangoni.

"Shemeji, leo tumebahatika tu."

Akageuka.

"Kompyuta hii ina ugonjwa. Ikiachwa peke yake inasinzia, na ikisinzia mashine inaruka. Muulize dada wa fotokopi kama nasema uongo. Ndiyo maana nilikuwa nacheza zile karata. Sikuthubutu kukwambia."

"Leo hukucheza."

"Na nilikaribia kuzimia. Unataka niliache bawa la pili kwa bahati? Mbao za marehemu?" Akavua miwani, akaifuta. "Mimi sina muda tena. Mwalimu ameshataka na madawati ya maktaba, lazima nichore. Inatakiwa mtu mwenye utulivu, wa kukaa pale saa tano na kuiweka macho."

Shemeji akarudi hatua mbili ndani. "Unaniambia mimi nicheze karata."

"Nakuomba ufanye kazi, shemeji. Karata ni kifaa tu."

Jumatatu alikuja mapema, amevaa shati la kazi. Mama Msasa alikuwa amezikuza karata kwenye kioo ziwe kubwa. Mkono wa shemeji ulitetemeka hadi ulipofika juu ya kipanya, na pale ulipolaza kiganja, ukatulia. Wote wawili waliona. Akapindua karata ya kwanza kwa umakini ule ule aliokuwa nao zamani akianza petali.

Mwalimu mkuu alipopitia saa za mchana, alimkuta mzee aliyepelekewa mashitaka ya karata akiwa amezama kwenye karata.

"Jamani, na wewe?"

"Mwalimu, usinisemeshe," akasema Shemeji Patasi bila kugeuka. "Niko kazini."

Bawa la pili likatoka. Siku ya kufunga mlango wa maktaba, tawi lilikutana na tawi, na katikati hapakupita hata unywele. Madawati yakafuata, kisha vitanda, kisha kabati. Kila asubuhi nyuma ya dirisha kubwa shemeji alipandisha kopa juu ya shupaza, akisindikizwa na mvumo wa feni ambayo haikupumzika, na Mama Msasa alichora kwenye meza ya upande wa pili. Muuza matunda alisema sasa familia nzima imeharibika.

Hadi ilipofika siku moja dada yake shemeji alipompigia simu, na dada huyo si mtu wa maneno matatu. Shemeji akatoka nje kusikiliza vizuri. Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Karata zilisimama kwenye kioo, mfalme ameachwa njiani, na mashine ikaendelea kuchonga ubao wa kitanda. Aliporudi aliduwaa mlangoni, simu bado mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye ubao, akainama, akafuata ua kwa macho kutoka petali ya kwanza hadi ya mwisho. Limenyooka. Akatazama kompyuta. Akamtazama Mama Msasa, aliyekuwa ameinamia karatasi yake kana kwamba ina siri ya dunia.

"Shemeji," akasema. "Haijasinzia."

Mama Msasa hakuinua kichwa. Penseli ilikuwa imesimama. "Itasinzia usipokaa," akasema.

Feni ilivuma. Shemeji Patasi akaweka simu mfukoni, akavuta kiti, akalaza kiganja juu ya kipanya na kungoja kitulie.

"Basi ngoja nikae," akasema, akaendelea kutafuta ree ya kopa.